Hewa Iko Chumba Kidogo

Brenton alifunga sebule. Alikuwa bwaloni kule mgodini, mwendo wa saa mbili kwa ndege kutoka nyumbani kwake Perth, lakini alibonyeza simu tu na kilango cha hewa juu ya kochi la mkewe kikajifunga. Perth siku hiyo joto lilikuwa nyuzi arobaini na tatu. Akachota mayai, akangoja.

Baada ya muda simu ikaonyesha sebule imefunguliwa tena.

"Kabonyeza kibao cha ukutani," alimwambia Macca, aliyekaa naye meza moja. "Mbishi kweli huyu." Akaifunga upya.

"Muache mke wako apoe, bwana. Joto hili linaua."

"Paka akiondoka panya hutawala. Wiki mbili niko huku, nani atamchunga?"

Macca akainamia chai yake. Pale kambini watu huulizana habari za magari na mpira. Ndoa ya mtu haiguswi.

Kiyoyozi chenyewe kilikuwa kimoja, kimekaa darini, kikigawa hewa kwa mabomba mpaka kila chumba. Fundi alimwonya Brenton asifunge vyumba vyote kwa pamoja, maana hewa ikibanwa lazima itafute pa kutokea. Basi yeye huacha wazi chumba kidogo cha nyuma, chenye cherehani na kiti kimoja. Narelle akimuudhi, kwingine kote hufungwa, naye hukaa humo mpaka aombe radhi. Safari hii kosa lake lilikuwa kusema anataka kurudi kazini. Ulikuwa ukatili mtupu, na Brenton aliuita adabu.

Akampigia.

"Nenda chumba kidogo, mpenzi. Ndiko kwenye hewa."

"Nipo, Bren." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nimevaa na sweta."

Brenton akacheka mpaka Macca akageuka. "Imekukolea, eh? Nimeshusha nyuzi mpaka mwisho."

"Imenikolea. Alhamisi ukirudi ule nini?"

"Kondoo wa kuoka. Na viazi."

"Haya."

Tangu siku hiyo ubishi ukaisha. Asubuhi kilifunguka kilango cha jikoni, mchana cha chumba kidogo, jioni cha chumba cha kulala, na kila alichokifunga Brenton kilibaki kimefungwa. Alimfuatilia mkewe kwenye simu chumba kwa chumba, huku akitafuna.

"Umeona?" alimwambia Macca. "Mtu hufundishika."

"Mimi sijaona kitu," Macca akajibu, akabeba sahani yake.

Alhamisi Brenton akashuka kwenye ndege, akachukua pikapu lake uwanjani, akafika nyumbani jua likiwa bado kali. Ndani mlikuwa na ubaridi mzuri. Harufu ya nyama hakuisikia.

"Narelle!"

Jikoni mkate ulikuwa mezani, umeota ukungu wa kijani. Akafungua chumba kidogo. Kiti kilikuwepo, cherehani haikuwepo. Akaenda chumba cha kulala. Kabati lilibaki na viango vitupu. Kwenye kibao cha ukutani, pale alipodhani yule mbishi alikuwa akibonyeza, buibui alikuwa ametandaza utando kutoka pembe hadi pembe.

Juu ya kichwa chake kilango kikalia, kikajifunga. Kikafuata cha sebuleni, kisha cha jikoni. Brenton akaibonyeza simu. Simu ikamjibu kwamba nywila si sahihi.

Halafu ujumbe ukaingia.

"Huku Albany kuna baridi, sweta halivuliki tangu siku ile uliyopanda ndege; vilango nilikuwa nikivibonyeza kwa simu yangu. Nenda chumba kidogo, mpenzi. Ndiko kwenye hewa."