Mahindi Yaliyovaa Nyekundu

Kitendawili! Kavaa nyekundu, kuvu anamwogopa, panya anamwogopa, mwizi naye anamwogopa. Usiharakishe kujibu, mjukuu wangu. Sikiliza kwanza.

Bibi Bertila wa Milepa alikuwa anaosha mahindi mekundu kwenye beseni, jirani yake Debora akapiga yowe.

"We Mama Kasmir! Unataka kuzika watu? Hiyo si mbegu yenye dawa ya kuvu?"

Bibi Bertila akacheka mpaka akashika kiuno. "Dawa iko wapi? Hii ni rangi ya ubuyu, nimeinunua soko la Mazwi."

Mwaka jana wezi walikikomba kihenge chake chote. Mwaka huu akawawahi: mahindi ya chakula akayatia rangi, yafanane na mbegu za dukani. Nani aibe sumu? Akamfundisha mkwewe Salome: "Osha mara tatu. Maji yakitoka meupe, pika. Wekundu huu ni wa kutisha macho tu."

Wezi hawakurudi. Bibi akajiona mjanja kumpita sungura.

Mvua za kwanza zilipolainisha ardhi, mwanawe Kasmir akarudi kutoka Kasanga ili apande. Alikuta nyumba imepoa. Watoto wake, Agnesi na Abeli, walikuwa wanatapika tangu jana.

"Malaria hiyo," alisema Bibi. "Na njaa. Jana makande yalitosha watoto tu, sisi tumejikaza na viazi. Pikipiki ya kuwapeleka zahanati inakuja."

Kasmir aliinama kwa wanawe, akawagusa paji la uso. Hawakuwa na joto. Akageuka, macho yakitafuta pembeni mwa nyumba.

"Mama, ule mfuko wa mbegu niliowatumia juzi uko wapi?"

"Mfuko gani?"

"Niliompa bodaboda. Alisema hakukuta mtu, mlikuwa shambani, akauacha mlangoni."

Bibi Bertila akapiga mapaja. "Uwii! Wezi wamerudi! Safari hii hata rangi hawakuiogopa!"

"Salome," Kasmir aliuliza tena, "mbegu iko wapi?"

Salome alikuwa amempakata Abeli, ambaye sasa hatapiki tena, wala haombi maji. Akamtazama mtoto, akautazama mlango, kisha akamwinulia uso mama mkwe wake.

"Niliziosha mara tatu, mama. Maji yalitoka meupe."