Jitu la Mwisho

Katika gemu aliyoiunda Saumu, majitu yalifuata wimbo aliouimba na kuurekodi mwenyewe. Akipandisha sauti, yalikimbia. Akiishusha, yalisinzia huku miti ikiyumba. Jitu la mwisho likifa, wimbo ulikoma. Saumu alifariki kabla hajaweka njia ya kuanza upya, basi baba yake, Shomvi, akalibakiza jitu moja, akawa anakubali kupigwa nalo kila siku.

Siku moja alipoinuka kuchemsha chai, mdogo wake aliyekuja kumjulia hali akaichukua pedi ya kuchezea gemu kwa huruma.

“Kaka, njoo uone! Lile jitu linalokuonea nimeshaliua!”

Shomvi alisimama mlangoni na birika mkononi, akisikiliza. Kwenye skrini miti yote ilikuwa imesimama, haitikisiki hata jani.