Mizani ya Polikarpo

"Sina hata mia, Rosemery Joachim!"

Polikarpo akikasirika humwita mkewe kwa majina mawili, kama karani wa mahakama. Asubuhi hiyo Rosemery alikuwa ameomba ada ya binti yao Yunis, aliyepata nafasi chuo cha uuguzi. Mwisho wa kulipa ni Jumatatu.

"Aolewe, mumewe atamsomesha," Polikarpo akasema, akatoka.

Hela alikuwa nayo, tena kwenye simu, milioni tatu nzima. Lakini hiyo ni ya mpunga, na Polikarpo ni mfanyabiashara, bwana! Jembe hajawahi kulishika, na wanaolishika huwaita washamba mbele ya macho yao.

Saa nne alikuwa Lupiro na fuso la mteja wake. Lisipojaa siku hiyo, mteja anahamia kwa mwingine. Kila shamba alilofika, mpunga umeshauzwa. Mwishowe akaona magunia thelathini na tano juu ya turubai, na bibi mmoja, Agnella, akifukuza mbuzi.

"We mama, mpunga bei gani?"

"Marahaba, baba," bibi akaitikia shikamoo ambayo hakupewa. "Mimi nalinda tu. Mwenyewe ni mama mmoja, yuko mjini. Ngoja nimpigie."

Akamuuliza jina na anakotoka, akapiga. "Kuna mnunuzi hapa, anasema ni Polikarpo wa Viwanja Sitini." Akasikiliza, kisha akamgeukia. "Anacheka."

Hebu ona! Mkulima kumcheka Polikarpo!

"Mwambie nataka lumbesa, gunia lijae mpaka liote kichwa. Na tunapima kwa mizani yangu."

"Anasema lumbesa hakuna. Na mpime kwa mizani ya ghala la kijiji. Ya kwako inakula kilo saba."

Polikarpo akageuka kuona kama dereva amesikia. Kilo saba! Hakuna mkulima aliyeijua siri hiyo. Alikuwa akiisimulia nyumbani tu, akishashiba, na kuicheka peke yake mpaka machozi.

"Uongo mtupu! Nampa mia saba kwa kilo."

"Anasema elfu moja. Na usijifanye huna."

"Mwanamke ana kiburi huyu! Hana mume wa kumtia adabu?"

Bibi akauliza, akasikiliza. "Mume anaye. Anasema ni maskini sana, tumwombee."

"Ndiyo maana kampanda kichwani!" Polikarpo akacheka sana. Alidharau wanaume wa namna hiyo kuliko alivyodharau wakulima.

Dereva wa fuso akapiga honi. Polikarpo akasonya, akakubali. Elfu moja. Atafidia nyumbani: mwezi mzima hakuna nyama, na Rosemery asithubutu kuuliza.

Wakapima kwa mizani ya ghala. Ikatoka kilo elfu mbili na mia tisa, bila hata moja kuliwa. Vijana wakapakia, dereva akafunga turubai na kuwasha gari.

Agnella akamsomea namba ya mwenye mpunga, tarakimu moja moja. Polikarpo hakuwahi kuiona namba hiyo. Akaiandika, akaandika na kiasi, huku akinung'unika kwamba washamba siku hizi wameota mapembe.

Simu ikafikiri kidogo, kisha ikaleta maandishi:

"Unatuma Tsh 2,900,000 kwa ROSEMERY JOACHIM. Ingiza namba ya siri kuthibitisha."