Jina la Konokono

Dakta Mwanamkuu alijaribu jina baada ya jina, na kompyuta ikayakataa yote. "Jina hili lina mwenyewe." Kwa sheria ya sasa, jina moja hubebwa na kitu kimoja tu duniani, kiwe mtu, hoteli au sabuni.

Mbele yake palikuwa na jiwe lenye konokono wa bahari wa kale, mwenye miiba iliyopinda, asiyefanana na mwingine yeyote. Bila jina asingetambuliwa wala kulindwa na sheria, na kiwanda cha saruji kingeendelea kuyasaga machimbo alikotoka.

"Nimechoka na upuuzi huu!" alifoka, akampigia simu binti yake, Saumu, aliyekuwa mjamzito. "Nipe lile jina la marehemu bibi yako. Nitakutafutia jingine."

"Wapi, Mama? Wewe mwenyewe umekosa la konokono."

"Wanasaga kila kitu kule, mwanangu."

"Hilo ni la mtoto wangu. Sitoi ng'o." Saumu akakata simu.

Lakini nywila ya kufungulia majina yaliyohifadhiwa ya ukoo alikuwa nayo Mwanamkuu. Akaliandika lile la bibi. Kompyuta ikakubali papo hapo, na machimbo yakafungwa.

Mtoto alizaliwa wa kike, mwenye afya. Mwanamkuu alipompelekea mzazi uji, Saumu hakugomba. Alimpakatisha mtoto tu.

"Nishikie huyu, Mama, nikaoge."

Mwanamkuu akaanza kumbembeleza kwa wimbo aliomwimbia Saumu zamani. Alipofika mahali pa kutaja jina, akanyamaza. Mtoto akamkodolea macho, akisubiri.