Mikono Mirefu ya Osen

Katika mji ule, msichana aliyekuwa hajaolewa alivaa kimono chenye mikono mirefu iliyoning'inia mpaka karibu na miguu. Akikaribia kuolewa, mikono hiyo hukatwa ikawa mifupi, kila mtu ajue kuwa hangoji tena mchumba.

Umeko, aliyekuwa aolewe kesho yake, alikiweka kimono chake mapajani mwa dada yake mkubwa, Osen.

"Nikatie wewe, dada. Fundi mwenyewe ni wewe."

Shangazi yao akadakia huku akimenya figili. "Na hiyo mikono yako, Osen, utafagilia nyumba mpaka lini?"

Wakacheka, na Osen akacheka nao, roho ikimuuma. Bwana arusi alikuwa Heiji. Kila alipokuja pale nyumbani ni Osen aliyemfungulia mlango, akidhani amefuatwa yeye.

Alimwomba Mungu amtulize, kisha akakata vizuri, bila kuharibu uzi. Umeko akavaa, yeye na shangazi wakakimbilia uani kumwonyesha mama yao.

Mlangoni Heiji akabisha. "Osen, upo?"

Safari hii Osen hakwenda kufungua. Alikuwa ameutandaza mkono wa kimono chake mwenyewe gotini, na mkasi umeshaachama juu yake.