Mzee Kombo na Lenzi Yenye Uroho

Mzee Kombo hakumtaka mkwe wake, basi siku ya harusi akajibanza uani, kando ya mtungi wa maji. "Kwenye picha yao mimi simo!"

"Baba, moja tu," Mwajabu, bibi harusi, akamsihi.

Bi Somoe, mpiga picha, akachungulia kwenye kitundu cha kutazamia, kilicho juu ya lenzi ya kamera yake ya kizamani. "Mwache, mwanangu. Kweli hayumo."

Hakusema uongo: kitundu kilionyesha maharusi tu. Lakini lenzi pana aliyoifunga makusudi ilikuwa na uroho zaidi kuliko kitundu. Ingemeza ua mzima, mtungi na walionuna.

"Una hakika simo?" mzee akauliza.

"Humo hata ukucha, mzee mwenzangu. Tulia hapo hapo."

Mzee akatulia. Kisha, polepole, akaiweka kofia yake sawa, akamtazama bintiye, na Bi Somoe akabonyeza.