Maumivu ya Wakio

Siku hizo mchezaji wa kimataifa hakuruhusiwa kuingia uwanjani na maumivu yake. Sheria ilitaka ndugu wa damu amchukulie. Ndiyo maana Mkawasi alikuwa amejilaza kwenye kochi kwake Wundanyi, bangili ya kupokelea maumivu ikiwa mkononi, hoi kwa mazoezi ambayo hakuyafanya yeye. Kwenye runinga, binti yake Wakio aliteleza juu ya barafu ya ng'ambo.

Wakio aliruka, akazunguka hewani, akatua kwa mguu mmoja. Mkawasi akauma mto wa kochi.

"Kifundo kimevunjika," alimwambia mumewe, Mwadime.

"Mbona anatabasamu?"

"Kwa sababu kinaniuma mimi."

Mwadime akaishika bangili. "Niivue?"

"Ukiivua yatamrudia yote akiwa hewani. Ataanguka vibaya."

Wakangoja muziki uishe. Uwanja mzima ukasimama kumshangilia. Baadaye kidogo simu ikaita.

"Mama, nimeshinda."

"Mwanangu, mguu umevunjika. Usiukanyage."

Wakio akacheka. "Mama nawe! Mbona niko sawa kabisa? Usiivue bangili kwanza. Kocha anataka niruke tena kwa ajili ya wapiga picha."

Mkawasi alitaka kumkataza, lakini Wakio alikuwa ameshakata simu.